Kwa baiskeli katika nchi ya Wabaski

NIKIKUULIZA, msomaji, ni wapi duniani mtu hutambulishwa kwa lugha aliyo nayo mdomoni wala si kwa pasipoti, huenda ukakuna kichwa. Nami nilikuna changu hadi mwezi wa Juni, nilipopanda baiskeli mjini Bilbao, kaskazini mwa Uhispania, na kuishuka wiki moja baadaye huko Donostia huku miguu ikitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana.

Hiyo ndiyo nchi ya Wabaski. Usiitafute katika orodha ya Umoja wa Mataifa maana hutaiona. Imekalia pande mbili za milima ya Pyrenees, sehemu kubwa ikiwa Uhispania na sehemu ndogo Ufaransa. Wenyewe huiita Euskal Herria, na lugha yao ni Euskara. Wasomi wameipekua lugha hiyo kwa miaka na mikaka wasiipatie ndugu hata mmoja aliye hai. Si jamaa ya Kihispania wala ya Kifaransa. Naye Mbaski, kwa lugha hiyo yake, huitwa euskaldun, yaani "mwenye Euskara". Shika neno hilo, tutalirudia.

Aliyenialika ni rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha uandishi wa habari jijini Nairobi. Aliolewa na kijana wa Eibar, mji wa viwanda huko huko kwa Wabaski, na sasa wana binti wa miaka tisa. "Njoo na koti la mvua," aliniandikia. "Baiskeli nitakuazima." Kusema kweli, mara ya mwisho kuendesha baiskeli nilikuwa shule ya msingi, na ilikuwa Black Mamba ya baba, nikipitisha mguu katikati ya fremu kwa kuwa kiti sikukifikia.

Bilbao ulikuwa mji wa chuma na meli. Viwanda vilipoanza kufungwa katika miaka ya 1980, ukaachiwa kutu na vijana wasio na kazi. Mwaka wa 1997, kando ya mto Nervión, palifunguliwa jumba la makumbusho la Guggenheim, lililosanifiwa na Frank Gehry na kuvishwa mabamba ya titani yanayometameta kama magamba ya samaki. Watalii wengi hupiga picha hapo wakaondoka. Mimi nilivutiwa zaidi na daraja lililo karibu na mdomo wa mto huo, kati ya Portugalete na Getxo. Lilifunguliwa mwaka wa 1893 na halina barabara juu yake! Ni fremu ndefu ya chuma iliyoinuliwa mita 45 hewani, na kutoka huko kumening'inizwa kwa nyaya kijumba kinachobeba watu, baiskeli na magari, kikavuka maji kama kiti cha bembea. Kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu, umeshavuka. Niliwakumbuka wote waliowahi kuchelewa kazini kwa sababu ya feri ya Likoni.

Jumapili alfajiri tulishika njia ya Gernika, rafiki yangu mbele, mimi nyuma. Ni kilomita thelathini na kitu tu, lakini nchi hii haijui tambarare. Kila ukimaliza kilima unakuta ndugu yake anakungoja. Milima ni ya kijani kibichi kama Limuru, na mvua yake ni rasharasha isiyo na haraka, inayokulowesha bila wewe kuiona ikinyesha. Kwenye mlima wa Autzagane nilishuka nikasukuma. Wazee wenye mvi, suruali zimewabana mapajani, walinipita wakiniambia "Aupa!", neno la salamu na la kutia moyo kwa pamoja.

Jambo la pili lililonishangaza ni madereva. Sheria ya Uhispania inamtaka dereva aache mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli. Lori la mbao lilitufuata taratibu kona baada ya kona, bila honi, hadi barabara ilipopanuka. Mtu aliyezoea matatu za Nairobi hukosa raha, akidhani nyuma yake kuna msafara wa mazishi. Lakini baiskeli kwa Wabaski ni kama mbio za marathoni kwa watu wa Iten. Mashindano makubwa ya Tour de France ya mwaka wa 2023 yalianzia Bilbao, na rafiki yangu anasema watu walilala milimani ili wasikose kuwaona waendeshaji wakipita kwa dakika chache.

Tulilala Gernika kusudi, tuamke Jumatatu. Jumatatu ni siku ya soko. Akina mama huteremka kutoka mashambani na pilipili, maharagwe, jibini na mayai. Ilikuwa Jumatatu pia tarehe 26 Aprili 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, ndege za kikosi cha Ujerumani kilichoitwa Condor zikisaidiwa na za Italia zilipoumwagia mji huu mabomu kwa zaidi ya saa tatu. Zilitumwa kumsaidia Jenerali Franco. Mji karibu wote uliteketea. Pablo Picasso aliuchora msiba huo mwaka huo huo, na picha yake sasa iko Madrid.

Uliosalimika ni mwaloni. Chini ya mti huo, tangu karne za kale, watawala walikuwa wakija kuapa kwamba wataheshimu sheria za Wabaski. Kigogo cha mwaloni mkongwe kimehifadhiwa chini ya paa lenye nguzo, na mti wa sasa, uzao wa ule ule, ulipandwa mwaka wa 2015. Ni mwembamba, mtoto angeweza kuukumbatia. Hata leo kiongozi wa serikali ya jimbo huapishwa hapo. Ukiwa umekulia karibu na mugumo au kaya za Wamijikenda, hutahitaji maelezo zaidi.

Kutoka Gernika tulipita kwenye nyumba kubwa za mawe ziitwazo baserri, ambamo zamani ng'ombe walilala chini na familia juu. Koo nyingi za Wabaski zina majina ya nyumba. Etxeberria, kwa mfano, ni "nyumba mpya" (hiyo tx itamke ch). Kutokana na maneno hayo likazaliwa jina la Xavier. Ndiyo, msomaji, kila Xavier wa parokia yako amebeba "nyumba mpya" ya Kibaski bila kujua! Mtakatifu Fransisko Xavier mwenyewe, mzaliwa wa Navarra, alitia nanga Malindi mwaka wa 1542 akielekea Goa.

Lekeitio na Ondarroa ni miji ya wavuvi, na njia ya baharini kati yake ni kama kilomita 12 za kushuka, kupanda na kusahau uchovu. Huko nilikula marmitako, mchuzi wa jodari na viazi ambao mabaharia walijipikia melini. Jodari huyo huenda akawa wa kwetu. Meli za Wabaski huvua hadi Bahari Hindi, na mwaka wa 2009 meli Alakrana, ya mji wa Bermeo, ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikazuiliwa zaidi ya mwezi mmoja. Muuza samaki aliposikia nimetoka Kenya aliniuliza habari za Mombasa kama mtu anayeuliza habari za kijiji jirani.

Tulipofika Deba Jumanne jioni, rasharasha iligeuka mvua ya kweli. Tukaingiza baiskeli kwenye treni ndogo tukaenda Eibar, kwa baba mkwe wa rafiki yangu.

Mzee huyo ana miaka 84. Alifanya kazi ya kutengeneza baiskeli tangu ujana hadi kustaafu. Eibar ulikuwa mji wa kufua bunduki, na soko la bunduki lilipodorora baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, mafundi waligundua kwamba anayejua kutoboa mtutu hashindwi kutengeneza fremu. Ndivyo kampuni kama Orbea na BH zilivyohama kutoka silaha hadi baiskeli. Orbea leo ni ya ushirika, mali ya wafanyakazi wake. Bonde la jirani ndilo la Mondragón, ambako mwaka wa 1956 vijana waliofunzwa na kasisi José María Arizmendiarrieta walianzisha kiwanda chao, mbegu ya vyama vya ushirika vyenye maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi. Wanachama wa sacco wangefaidi kupita huko.

Lakini sikukusudia kukueleza habari za fremu. Baada ya chakula, mzee alisimulia habari za shule yake enzi za Franco, aliyetawala hadi alipofariki mwaka wa 1975. Alisema kwa Euskara, na mjukuu wake, aliyekaa katikati yetu akila lozi, akanitafsiria moja kwa moja kwa Kiswahili alichofundishwa na mama yake.

"Babu anasema mwalimu alikuwa na pete. Ukisema Euskara, unapewa pete. Unaishika mpaka umsikie mwingine akisema, unampa yeye. Atakayekuwa nayo jioni, anachapwa."

Kijiko changu kilisimama hewani. Katika shule yangu ya msingi, msomaji, hatukuwa na pete. Tulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, tukikiita diski. Ukinaswa ukisema lugha ya nyumbani, unavikwa shingoni, nawe unamvizia mwenzako. Nilimnasa rafiki yangu wa dawati moja kwa kumwuliza saa kwa Kidawida makusudi. Alipojibu, nikamvika. Sijawahi kulisema hilo mahali popote, na hapo nilimwambia mtoto wa miaka tisa amwambie babu yake.

Mzee hakucheka. Aliuliza, "Na leo unaijua?" Nikasema naijua. Akasema, "Hesabu hadi kumi." Nikaanza kwa madaha. Nilipovuka sita, nikaingia giza. Saba sikuiona. Nikarukia nane, nikaona aibu, nikanyamaza. Mwanangu aliyeko Nairobi hawezi hata moja.

Wao walifanyaje? Kwanza kwa siri. Mwalimu Elbira Zipitria alifundisha watoto kwa Euskara nyumbani kwake Donostia katika miaka ya 1940, wakati jambo hilo lingeweza kumponza. Shule za namna hiyo, ikastola, ziliongezeka kwa michango ya wazazi. Mwaka wa 1979 jimbo lilipata mamlaka yake na Euskara ikawa lugha rasmi kando ya Kihispania. Nisikufiche upande mchungu. Kundi la ETA, lililoundwa mwaka wa 1959, lilishika bunduki kwa jina la Wabaski na kuua watu zaidi ya 800 kabla ya kusitisha mapigano mwaka wa 2011 na kujivunja mwaka wa 2018. Mzee alitaja mambo hayo kwa sauti ya chini, akasukuma sahani kando. Waliookoa lugha, alisema, ni akina mama na walimu.

Na washairi. Wabaski wana bertsolari, malenga anayepewa mada papo hapo na kuiimba kwa vina na mizani mbele ya umati, mwenzake akimjibu. Ungedhani ni malumbano ya Lamu. Fainali ya mashindano yao hujaza ukumbi wa maelfu ya watu, na mwaka wa 2009 Maialen Lujanbio akawa mwanamke wa kwanza kushinda. Zawadi ni kofia ya txapela.

Siku mbili za mwisho ni rahisi kuzisifu. Majabali ya Zumaia yamepangika tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilichotupwa baharini. Getaria, alikozaliwa Elcano aliyekamilisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia mwaka wa 1522, huchoma samaki wazima mlangoni mwa mikahawa hadi barabara nzima inanukia. Donostia, ambao Wahispania huuita San Sebastián, una ufuo wa La Concha uliojikunja kama kome, na vichochoro vya pintxo, vitafunio vidogo vilivyochomwa kijiti. Unakula kimoja, unahamia mkahawa wa pili. Usiyetumia kileo agiza mosto, maji ya zabibu, na usiyekula nguruwe uliza kwanza, kwani hupenya kila mahali. Kuna pia vilabu ambamo wanaume hukutana kupika, ambavyo zamani havikuruhusu mwanamke jikoni. Akina baba wa Nairobi, mmesikia?

Ukipanga safari, tafuta viza ya Schengen mapema, nenda kati ya Mei na Septemba, na kama magoti yana malalamiko kodi baiskeli ya umeme. Treni ya pwani itakuokoa mvua ikizidi.

Ijumaa jioni mzee, mwanawe na mjukuu walikuja Donostia kwa treni kutulaki. Binti alichukua baiskeli yake ndogo tukaenda pamoja kwenye bidegorri, njia ya baiskeli inayopita kando ya ufuo. Usiku wa kuamkia hapo nilikuwa nimempigia mama simu Taita. Alicheka hadi akakohoa, kisha akanitajia.

"Anti, tuhesabu," binti akasema. "Mimi kwa Euskara, wewe kwa ya kwenu." Akaanza, pedali kwa pedali. Bat. Bi. Hiru. Lau. Bost. Sei. Nami nikamjibu moja baada ya nyingine.

"Zazpi!" akapaza sauti, akigeuka kunitazama.

Nikamjibu.