Ahadi ya Miaka Saba

Columbus, Ohio, 2017

28 Februari, Jumanne

Jana Rais Trump aliwaambia magavana waliokwenda Ikulu kwamba hakuna aliyejua kuwa mambo ya afya yana ugumu wote huu. Nimeisoma habari hiyo kazini, kwenye nyumba ya wazee, wakati wa mapumziko, saa tisa usiku. Korido ninayoihudumia ina wazee ambao wengi walikuwa na nyumba zao na akiba benki. Gharama za kutunzwa zimeila akiba hadi ikaisha, na sasa wanalipiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Nchi nzima, kati ya kila wakazi kumi wa nyumba za wazee, kama sita wanalipiwa na mfuko huo. Mshahara wangu nao unatoka humohumo. Kwa hiyo wanaposema watafuta sheria ya Obama ya bima ya afya na kuibana Medicaid papo hapo, kwangu si siasa za Washington tu.

Chama cha Republican kimeahidi kuifuta tangu iliposainiwa, 23 Machi 2010. Katika Baraza la Wawakilishi wamepiga kura za kuifuta au kuipunguza zaidi ya mara 50. Januari mwaka jana muswada wao ulifika mpaka mezani kwa Obama, akaukataa. Kura hizo zilikuwa nyepesi kupiga, kwa sababu kila mmoja wao alijua hakuna mgonjwa atakayekosa dawa kesho yake. Sasa wana Ikulu na mabaraza yote mawili. Nataka niandike nione itakuwaje.

14 Machi, Jumanne

Hesabu zimetoka jana. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo mkuu wake aliteuliwa na Republican wenyewe, inasema muswada wao wa kuifuta sheria ya Obama ukipita, ifikapo 2026 watu milioni 24 zaidi watakuwa hawana bima. Medicaid itapunguziwa dola bilioni 880 katika miaka kumi.

Kuna mfano mmoja katika ripoti hiyo ambao sijaacha kuufikiria. Mtu wa miaka 64 mwenye kipato cha dola 26,500 kwa mwaka, baada ya ruzuku ya sasa anachangia dola 1,700 tu. Chini ya muswada huu angelipa dola 14,600, yaani zaidi ya nusu ya kipato chake. Na watu wa rika hilo ndio waliowapa Republican kura nyingi, hasa huku mashambani Ohio. Mbunge gani atakwenda kwao kuomba kura tena akiwa na karatasi hii mkononi?

25 Machi, Jumamosi

Spika Paul Ryan aliuondoa muswada jana kabla ya kura. Akakiri kuwa sheria ya Obama itaendelea kutumika kwa siku zinazoonekana mbele.

Kilichowashinda si chama cha Democratic, ambacho hakina kura za kutosha kuzuia chochote kule. Wamegombana wenyewe. Kundi la wahafidhina linaloongozwa na Mark Meadows linataka kampuni za bima ziondolewe masharti karibu yote. Upande wa pili wako wabunge wa majimbo yenye ushindani, akina Charlie Dent wa Pennsylvania, wanaoogopa watu wao kunyang'anywa Medicaid. Ryan akiwaongezea hawa, wale wanaondoka. Akiwarudia wale, hawa wanakimbia. Kwa miaka saba neno "kufuta" liliwaunganisha. Swali la nini kikae pale penye pengo hawakuwahi kulijibu kwa pamoja, na sasa ndilo linalowatenganisha.

5 Mei, Ijumaa

Muswada umerudi, na jana umepita Baraza la Wawakilishi. Kura 217 kwa 213, bila hata kusubiri hesabu mpya za Ofisi ya Bajeti. Wamekwenda bustanini Ikulu kupiga picha na Rais. Nimekasirika, siwezi kuandika vinginevyo.

Waliwarudisha wahafidhina kwa kuruhusu majimbo kuomba kibali cha kulegeza ulinzi wa watu wenye maradhi ya tangu zamani. Jioni nimepita kwa baba mmoja Mkongo tunayesali naye, aliyeletwa hapa kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Anafanya kazi ghalani huko Groveport kupitia wakala, anapakia mizigo usiku kucha, na wakala hampi bima. Ana kisukari. Alinitolea kadi yake ya Medicaid kutoka kwenye bahasha ya plastiki, ile anayohifadhia karatasi zote za ukimbizi, akaniuliza, "Dada, hii wataichukua lini?" Nikamweleza kuwa bado kuna Seneti. Akataka kujua Seneti ni nini. Tukakaa mezani nikamchorea: nyumba hii, nyumba ile, Rais hapa. Mke wake akaleta chai. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na kalamu zake za insulini, zimepangwa kando ya mayai.

Zamani, kabla ya sheria hii, mtu mzima asiye mzee, asiye na ulemavu na asiyelea mtoto hakuwa na nafasi kwenye Medicaid ya Ohio hata angekuwa fukara kiasi gani. Wazazi nao walikubaliwa kwa kipato kidogo mno. Sasa mpaka ni asilimia 138 ya mstari wa umaskini, na baba huyu yumo.

Lakini niandike na upande wa shemeji yangu, maana si mwongo. Ana lori lake mwenyewe. Kipato chake kimevuka kidogo kiwango cha kupata ruzuku, kwa hiyo bima analipia yote, na kila mwaka inapanda. Kwenye simu aliniambia, "Shemeji, nyinyi mnaitetea, mimi inanimaliza." Kweli inamuumiza. Ila nilipomuuliza muswada mpya utamsaidiaje, alinyamaza, kisha akasema hajui, ila lazima kitu kifanyike. Nadhani maseneta wengi wako hapohapo alipo yeye.

23 Juni, Ijumaa

Maseneta wanaume 13 walijifungia kuandika muswada wao, na jana ndipo tulipouona. Jana hiyohiyo watu wenye ulemavu walikwenda kulala chini mbele ya ofisi ya Mitch McConnell, kiongozi wa Republican katika Seneti. Polisi waliwabeba, wengine wakitolewa kwenye viti vyao vya magurudumu. Wamekamatwa 43. Kazi yangu ni kunyanyua watu wasioweza kujinyanyua, na ninajua mwili wa namna ile unavyoshikwa ili usiumie. Ile video nilishindwa kuimaliza.

Baada ya ugomvi wao wenyewe, kanuni za Seneti ni ukuta wa pili. Kwa kawaida kufunga mjadala Seneti kunahitaji kura 60, nao wanazo 52. Kwa hiyo wamepitia mlango wa bajeti, ambako kura 51 zinatosha. Sharti la mlango huo ni kwamba kila kifungu kihusu mapato au matumizi ya serikali, na mshauri wa kanuni, Elizabeth MacDonough, ndiye anayesema kipi kimo na kipi hakimo. Masharti mengi ya kampuni za bima si ya bajeti, hivyo hawawezi kuifuta sheria yote hata wakitaka. Watang'oa fedha na kuacha masharti, halafu soko la bima liyumbe.

1 Julai, Jumamosi

Wabunge wa Ohio walikuwa wameweka kwenye bajeti ya jimbo kifungu cha kusimamisha uandikishaji wa watu wapya katika Medicaid iliyopanuliwa chini ya sheria ya Obama. Gavana John Kasich, Republican mwenzao, jana usiku amekikataa kwa kalamu yake. Ndiye aliyeileta Medicaid hiyo hapa mwaka 2013 huku chama chake kikinuna.

Hapa ndipo penye kiini. Takribani watu 700,000 wa Ohio wameingia kupitia upanuzi huo, na mwaka huu serikali kuu inalipa asilimia 95 ya gharama zao. Hospitali za wilaya ndogo zinaishi kwa fedha hizo. Tiba ya waathirika wa heroini, janga lililoenea jimbo zima, inalipiwa na fedha hizo. Gavana akikubali zikatwe, atatakiwa azitoe kwingine au aende msibani. Ndiyo maana seneta wetu Rob Portman, aliyepiga kura ya kuifuta mwaka 2015, Jumanne alisema muswada wa sasa hawezi kuuunga mkono kama ulivyo.

Nimepiga simu ofisini kwake. Kijana aliyepokea aliuliza msimbo wa posta tu. Nikamwambia ninahudumia wazee, nikamweleza nani huwalipia. Akasema ameandika. Nimewaambia wote tunaosali nao, wenye uraia na wasio nao, wapige.

28 Julai, Ijumaa

Muswada umeshindwa Seneti. 49 kwa 51, mnamo saa saba na nusu usiku.

Jumanne walipata kura 50 tu za kuanza mjadala, Makamu wa Rais Pence akaongeza ya 51. Usiku huo muswada mkubwa ukaanguka. Jumatano ule wa kufuta kwanza na kutafuta mbadala baadaye ukaanguka pia. Republican saba waliukataa, Portman akiwamo. Sita kati ya hao saba walipiga kura ya ndiyo kwa muswada unaofanana nao mwaka 2015, Obama alipokuwepo kuukataa.

Ukabaki kipande chembamba, ambacho kingeongeza watu milioni 16 wasio na bima. Seneta Lindsey Graham na wenzake walidai wahakikishiwe kwamba Baraza la Wawakilishi halitakipitisha kuwa sheria. Yaani waliomba ahadi kwamba kitu wanachokipigia kura hakitatumika! Seneta John McCain, ambaye ametoka kupasuliwa na kugunduliwa saratani ya ubongo, akaja mbele akageuza kidole gumba chini.

Leo wote wanamtaja yeye, na ninamshukuru. Lakini maseneta Susan Collins na Lisa Murkowski, Republican wenzake, walikataa tangu Jumanne, wakatishwa na kushinikizwa, wakabaki palepale. Bila wao kura yake isingetosha.

27 Septemba, Jumatano

Jana McConnell ameuacha muswada mpya wa maseneta Graham na Cassidy bila kura. Jumamosi, tarehe 30, ule mlango wa bajeti unafungwa.

Shangwe yangu ni ndogo. Texas na Florida bado hazijaipanua Medicaid, na watu wazima wengi kati ya ndugu zetu wa Houston walio chini ya mstari wa umaskini hawapati Medicaid wala ruzuku. Baada ya sheria ya Obama kushindikana kufutwa bungeni, serikali ya Trump imeanza kuibana kimyakimya: fedha za kutangaza uandikishaji zimekatwa kutoka dola milioni 100 hadi 10, na muda umefupishwa, kuanzia 1 Novemba hadi 15 Desemba tu. Jumapili nitaomba nafasi ya matangazo baada ya ibada. Tarehe hizo nitaziandika kwa Kiswahili kwenye karatasi kubwa mlangoni, na ujumbe uleule uende kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na namba ya simu ya wasaidizi wa uandikishaji.