Addis-Abeba: reli iko, treni ndizo hazitoshi

Wakaaji wa Goma, Bukavu na Uvira wanasikia jina la Addis-Abeba ku radio kila mara viongozi wanapokwenda kuzungumzia vita vya kwetu. Ndiko mkataba wa amani juu ya Kongo ulisainiwa, tarehe 24 Februari 2013. Lakini mji ule una habari ingine isiyosemwa sana: treni yake ya mjini.

Ilianza kubeba watu Septemba 2015. Kampuni ya China iliijenga kwa dola karibu milioni 475, sehemu kubwa ikiwa deni la benki ya China. Njia ni mbili. Moja inatoka Ayat, mashariki, mpaka Tor Hailoch. Ya pili inashuka kutoka Menelik mpaka Kality, kusini. Zote pamoja ni kilomita karibu 34, na treni zilizonunuliwa ni 41. Nauli ilikuwa birr 2 mpaka 6, hata maskini alipanda. Watu walijaa mpaka mlangoni.

Ndugu msikilizaji, tufanye hesabu kidogo. Treni moja inabeba watu kama 286, wengi wakiwa wamesimama. Ikipita moja kila dakika 6, kwa saa moja zinapita 10: watu 2,860 kila upande. Ikipita moja kila dakika 20, zinapita 3: watu 858. Reli ni ile ile, vituo ni vile vile, na watu 2,000 wamebaki barabarani.

Ili ipite kila dakika 6, zinahitajika treni ngapi? Njia moja ina kilomita 17 hivi. Kwenda na kurudi ni 34. Tuseme treni, pamoja na kusimama vituoni, inatembea kilomita 20 kwa saa. Mzunguko mmoja unakula dakika 102, kwa hiyo njia moja inaomba treni 17, njia mbili 34. Zinabaki 7 tu za kutengenezwa. Kumbe zile 41 hazikuwa nyingi hata kidogo.

Miaka michache baadaye, nyingi zilikuwa zimelala karakana. Vyuma vya kubadilisha vinatoka ng'ambo na vinalipwa kwa dola, nazo dola zilikuwa haba Ethiopia. Pesa ya tiketi haikutosha hata kuendesha kazi ya kila siku.

Kuunganisha treni mbili kunaongeza nafasi bila kuongeza dereva, ni kweli. Lakini aliyeachwa atangoja dakika zile zile. Kujenga njia mpya kunapendeza viongozi, maana kuna utepe wa kukata. Treni 10 zikitoka karakana zikiwa zimepona, hakuna anayeitwa kupigwa picha. Watu wa Kalemie na Kindu wanalijua jambo hili vizuri: reli wanayo tangu wakati wa Wabelgiji, ila treni wanaingoja siku, wakati mwingine majuma.

Mama anayetoka pembeni ya Addis-Abeba na mboga zake asubuhi hawezi kungoja dakika 20 halafu akute treni imejaa. Anapanda basi ndogo, analipa zaidi, na faida yake inaanza kupungua mbele soko halijafunguliwa.