Land Rover ya Baba na Kizibo Kisichofunguka



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike kidogo kuhusu likizo ya Pasaka. Nilikusudia kuandika juu ya semina ya vijana tuliyoifanya kigangoni, na kweli ilifana, lakini kila nikikaa kuandika najikuta nimerudi chini ya gari. Basi wapendwa wasomaji mnivumilie, niandike ya chini ya gari.

Nyumbani kwetu ni Kyela, katika tambarare iliyopo kati ya Ipinda na Ziwa Nyasa. Anayeshuka kutoka Tukuyu anaiacha baridi huko juu kwenye chai na migomba, na akifika kwetu anakutana na joto zito, mpunga, kokoa na michikichi. Mvua yetu haina mzaha. Machi hadi Mei mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, na mashamba ya mpunga husahau mpaka wao na barabara. Kutoka kwetu hadi lami iendayo Matema ni kilometa 4 za udongo mweusi, ule unaong'ang'ania kiatu mpaka ukivue.

Kwenye barabara hiyo, gari la marehemu baba ndilo lililokuwa gari la watu wote. Ni Land Rover Series III, ya chesi ndefu, ambayo yeye alituambia ni ya mwaka 1978. Aliinunua mnadani nilipokuwa mtoto mdogo, akawa anabebea kokoa. Lakini kokoa ina msimu, wagonjwa hawana. Ilibeba akina mama wa uchungu, ilibeba majeneza, ilimbeba Paroko alipoitwa usiku kumpaka mgonjwa mafuta wakati gari la parokia lilikuwa mbali. Baba hakuwahi kumtoza mgonjwa nauli. Alikubali mchele, mara nyingine kuku, mara nyingi alipewa "ndaga fijo" tu, akaridhika.

Tangu baba afariki, kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anataka tuiuze. Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha kwenye tamasha lake, na kaka akanitumia video: magari ya umri wa baba yetu, yamepakwa rangi, yanang'aa kama bibi harusi. "Umeona? Hizi sasa zina wateja," akaandika. Mama anasema isiuzwe. Mimi sina kauli kubwa, kwa kuwa frateri hajui lolote kuhusu ada za shule wala bei ya mbolea. Hivyo ndivyo wanavyodhani nyumbani, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka waone kwamba mikono yangu haijawa ya kushika vitabu tu.

Gari lilikuwa na shida. Gia ya pili ilikuwa inalia, na ukiishusha kutoka ya tatu inakukatalia kama mtoto anayekataa uji. Shemeji yangu alikuwa amelipitisha kwenye mafuriko, maji yakapanda juu ya ekseli. Sasa gia boksi nayo hupumua: ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka, ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ile husinyaa na kuvuta maji kupitia sili zilizochoka. Maji yakichanganyika na oili, oili haibaki oili. Dawa yake ni kuimwaga yote na kujaza mpya, na kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani. Nilikuwa nimemwona baba akiifanya mara mbili au tatu, mimi nikiwa nimeshika tochi.

Kwenye oili nilikuwa mwangalifu mno. Muuza duka wa kwanza alinipa kopo la GL-5, nikamrudishia. Akashangaa: "Frateri, oili ni oili." Siyo. Oili ile inafaa kwa difu, kwa sababu ina dawa nyingi za salfa na fosforasi zinazolinda meno ya chuma yanapogandamizana chini ya mzigo mkubwa. Lakini gia boksi za zamani kama yetu zina pete za shaba, ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijaumana, na dawa zile zikizidi hula shaba polepole. Nikatafuta GL-4, 80W-90, nikaipata duka la tatu. Nilinunua lita 2, ingawa gia boksi yenyewe inachukua kama lita 1.5. Nilijisikia msomi kweli kweli.

Mama akasema, "Mwanangu, msubiri fundi. Kesho Jumamosi anakuja." Huyo fundi ni mzee aliyezeeka kwenye injini za boti na meli pale Itungi, na baba alikuwa akimwamini yeye peke yake. Nikamjibu mama kwamba kazi yenyewe ni ya saa moja tu.

Ilikuwa Ijumaa ya Oktava ya Pasaka, saa nane mchana. Niliendesha gari hadi kigangoni na kurudi ili oili ipate moto iwe nyepesi, nikaliegesha pale uwanjani tunapoanika kokoa kwa sababu ni tambarare, nikaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Hayo yote ni sahihi. Nikaingia chini, nikafungua kizibo cha kumwagia. Ikatoka oili ya rangi ya chai ya maziwa, nzito, ikijaza karai, na mwishoni matone ya maji matupu. Nilifurahi kama daktari aliyegundua ugonjwa. Nikafuta kizibo, nikatoa unga wa chuma ulioganda juu yake, nikakirudisha na washa mpya, nikakikaza.

Ndipo nikageukia kizibo cha kujazia, kile kilicho ubavuni. Spana ikateleza. Nikaipiga nyundo ikae vizuri, ikateleza tena, na pembe za kizibo zikawa mviringo kama zimelambwa. Kilikuwa kimeshikwa na kutu, huenda tangu mkono wa baba ulipokikaza mara ya mwisho. Nikamwagia dizeli, nikasubiri, nikajaribu koleo. Wapi! Saa kumi na moja mvua ikaanza. Nilikuwa nimelala chini ya gari lisilo na tone la oili kwenye gia boksi, makopo mawili ya oili bora pembeni yangu, na hakuna mlango wa kuyaingiza.

Ndani ya nusu saa nikaona miguu ya jirani yetu, imejaa matope. Mke wake ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mkunga amesema apelekwe hospitali. Hakuongea na mimi, aliongea na mama, kama watu wote walivyozoea: "Mama, tunaomba gari."

Mama hakunisema. Aliniangalia tu nikitoka chini kwa mgongo, kisha akamjibu, "Gari limefunguliwa, mwanangu."

Wapo watakaouliza kwa nini tusiliwashe tu na kulipeleka hivyo hivyo kilometa 4. Hata mimi niliuliza. Gia zikizunguka bila oili, chuma kinasaga chuma, kinapata moto mpaka kinashikana, na kwenye ile barabara ungemwacha mgonjwa katikati ya maji usiku. Bodaboda walikuwa wamekwisha kataa. Maji yalifika mapajani pale bondeni. Tukatoa kitanda cha kamba, tukafunga miti miwili, tukamfunika mgonjwa turubai. Wanaume wanne, na mimi nikiwa mmoja wao, upande wa nyuma kushoto.

Mikono yangu ilikuwa na oili. Niliifuta kwa nyasi, kwa shati, lakini oili ya gia haitoki kwa nyasi. Kufika bondeni mti ukaniteleza mkononi, kitanda kikainama, yule dada akapiga kelele. Haukuanguka mzigo, aliyekuwa nyuma yangu alidaka. Mume wake akaniambia kwa upole, "Frateri, kaa pembeni, shika tochi." Nikashika tochi, kama nilivyoshika utotoni. Njia nzima sikuweza kusali hata Salamu Maria moja ikafika mwisho.

Lami tulipata Noah iliyokuwa ikirudi Matema, ikawachukua. Kabla ya usiku wa manane simu ikaja: mtoto wa kike, wote wazima.

Jumamosi fundi akaja na mfuko wa kiroba. Akapiga magoti, akakipapasa kizibo, akachukua tindo na nyundo. Akaitegesha tindo ukingoni mwa kizibo, kwa mshazari, akagonga kuelekea upande wa kufungulia. Mapigo madogo madogo, bila haraka. Dakika kumi hazikuisha, kikazunguka. Ndipo akaniuliza, "Nani alikufundisha kumwaga kabla hujajua utajazia wapi?" Sikuwa na jibu. "Baba yako alikuwa anaanza na hiki. Kikifunguka, ndipo anamwaga. Kisipofunguka, anaacha, gari linatembea na oili mbaya mpaka apate msaada. Oili mbaya inakufikisha hospitali."

Mara zote zile nilizoshika tochi nilikuwa nikimmulikia baba mikono. Sikuwahi kuangalia anaanza na nini.

Kujaza kulikuwa rahisi. Kopo tuliliacha juani lipate joto, tukaunganisha mpira mwembamba, mmoja akalishika juu kwenye dirisha la gari na mwingine akaelekeza mpira shimoni. (Mama alinikatalia faneli yake ya mawese, na kwa haki.) Unajaza mpaka oili ifike kwenye mdomo wa shimo na kuanza kuchuruzika yenyewe; kidole kidogo ukikiingiza kiguse oili papo hapo mlangoni. Ikipungua, gia za juu hazipati kitu. Ikizidi, inatafuta pa kutokea, na inatokea kwenye sili, wakati mwingine mpaka kwenye klachi. Fundi akafungua na kizibo cha boksi la pili, lile la kugawa nguvu mbele na nyuma, akachungulia, akaridhika.

Hapo chini nilimkumbuka Aristotle, mtanisamehe, ndiyo masomo yangu. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anatofautisha wastani wa kitu chenyewe na wastani ulio wetu. Sita iko katikati ya mbili na kumi kwa kila mtu. Lakini chakula kinachomtosha Milo mpiga mieleka kinamzidi anayeanza mazoezi. Gia boksi ni ya aina ya kwanza. Aliyeitengeneza ametoboa shimo mahali pake, ukifika hapo umefika. Nilitamani na mimi ningetobolewa shimo ubavuni, nijue ujasiri wangu wa Ijumaa ulianza wapi kuchuruzika na kuwa kiburi. Nilimwambia fundi wazo hilo. Akasema nimpe kitambaa.

Ipo habari nyingine niliyoisoma maktabani niliporudi, na imenikaa. Mwaka 1927 Padri Paul Schulte, Mwoblate wa Ujerumani, alianzisha shirika la MIVA la kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Alikuwa na rafiki, Padri Otto Fuhrmann, aliyefariki miaka miwili kabla huko Namibia akiwa mgonjwa, kwa kukosa chombo cha kumfikisha kwa daktari upesi. Nilipoisoma sikumfikiria Schulte kwanza. Nilifikiria kitanda cha kamba.

Dominika ya Huruma ya Mungu nilitumikia Misa, nikashika chetezo. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa majivu. Salfa ya oili ya gia ina harufu yake, kama yai lililooza linalojaribu kunukia vizuri, na ubani haukuifunika. Padri aliponusa mikono yangu sakristiani alicheka. Lugha yetu inaita vyote mafuta, yale ya krisma na yale ya taa, ya kupaka na ya kukaangia. Labda ndiyo sababu mafundi wakaazima neno oili, wasije wakachanganya.

Jumatatu nilikwenda kwa jirani. Mama mzazi alikuwa amerudi, amelala ndani. Mume wake alikuwa nje anachonga mpini wa jembe. Nilimweleza yote: kwamba mama aliniambia nisubiri, kwamba sikusubiri, kwamba kama mkewe angepata shida njiani ingekuwa juu yangu. Aliendelea kuchonga. Nikaona nimemaliza maneno, nikabaki nimesimama.

Baada ya muda akainua mpini, akauangalia kama umenyooka.

"Sasa linatembea?"

"Linatembea, kaka. Hata gia ya pili imetulia."

"Basi Alhamisi tunampeleka mtoto kliniki. Mwambie mama tutakuja saa moja asubuhi."