Kunyenyekea Mbele ya Mungu, Kusimama Mbele ya Uovu



Kati ya maneno ninayoyafundisha katika katekisimu, sijaona linaloeleweka vibaya kama neno unyenyekevu. Nikiwauliza vijana maana yake, wengi hunijibu kwamba ni kuinamisha kichwa na kunyamaza mbele ya mkubwa. Siku moja kijana wa shirika letu, aliyekuwa amepata kazi yake ya kwanza, aliniuliza mbele ya wenzake: «Mwalimu, mkubwa wangu akiniamuru kutia sahihi uongo, nami ni mkristu mnyenyekevu, si imenipasa kutii?»

Nilimjibu kwa maisha ya mwana wa nchi yetu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio mjini Goma. Msomi huyo hakuona haya kuketi na maibobo, watoto wa barabarani, na kuwasaidia wapate kusoma. Kazini kwake, katika OCC, alikagua bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2007 alitakiwa kupitisha chakula kilichoharibika, akaahidiwa pesa. Alikataa. Mwezi wa Julai alitekwa nyara akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, kule Roma.

Unyenyekevu wake tuutafute wapi? Hakumtii mwenye pesa. Aliyaweka maisha yake chini ya maisha ya watu asiowajua: mama anayenunua chakula cha bei ndogo sokoni, na watoto ambao wangekila jioni ile. Kujinyenyekesha ni kumhesabu mwingine kuwa na thamani kuliko faida yangu. Aliyeinama kwa ajili ya maibobo hakuweza kuwainamia waliotaka kuuza sumu kwa maskini.

Ndivyo alivyofanya Bwana wetu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anafundisha kwamba Kristu alijishusha, akatii hata kufa msalabani. Lakini alimtii Baba. Kwa Herode hakujibu neno, na jangwani hakumsujudia Mshawishi ingawa aliahidiwa milki zote za dunia. Mikono iliyowaosha mitume miguu ndiyo iliyopindua meza za wafanya biashara hekaluni.

Tena, sadaka si kupenda kifo. Mungu hafurahii damu ya watoto wake. Sadaka ni kupenda jambo jema kiasi cha kukubali gharama yake. Nanyi sitawaficha: gharama ipo. Anayekataa matabishi aweza kupoteza kazi, na nyumbani wadogo zake wakangoja karo ya shule. Kwa hiyo neno hili haliwahusu vijana peke yao. Parokia inayomwimbia Mwenye Heri, kisha ikamwacha peke yake kijana anayemfuata, bado haijaelewa kwa nini inaimba. Shirika na limtembelee, limshike mkono, limgawie unga.

Ujasiri wa namna hiyo haupatikani kwa siku moja. Hujengwa katika mambo madogo: kukataa kununua alama kwa mwalimu, kutonakili katika mtihani wa Serikali, kutoa hesabu kamili ya makuta ya kikundi, kukubali kufagia kanisa pasipo kutajwa jina. Asiyeweza kupoteza sifa ndogo hataweza kupoteza fedha nyingi.

Katika mkutano wenu ujao, kila mmoja ajiulize kimoyomoyo: ni nani ninayemwinamia kwa sababu ya hofu, na ni nani ninayekataa kumwinamia kwa sababu ya kiburi? Kisha pangeni pamoja namna ya kumtegemeza mwenzenu mmoja anayeteseka kwa sababu ya unyofu wake.

Mwenye Heri Floribert, utuombee.