Mshono Ukae Wapi

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kulaza chuma. Mteja huleta umbo lililopinda, iwe faneli ya kinu cha mpunga, kiwiko cha bomba la vumbi au tangi la maji, nami humpa mkataji mchoro bapa. Karatasi ya chuma ikishakatwa kwa mchoro ule na kupita kwenye roli, kingo zake mbili hukutana na umbo likasimama kama lilivyoagizwa. Mchoro huo, katika karakana yetu ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, tuliuita mkunjuo.

Aliyenifundisha alikuwa mzee ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Alichora sakafuni kwa chaki, msumari na kamba, na mikunjuo yake ilifunga. Nikimpelekea koni niliyoichora vizuri kwenye karatasi, aliniambia, "Kijana wangu, duara nimeliona. Nionyeshe utakapoanza kukata." Neno hilo nimelibeba hadi kwenye kompyuta, na bado sijaona mwongozo wa programu yoyote unaolisema vizuri zaidi.

Programu za CAD, yaani za kuchora kwa kompyuta, za maumbo mazima zilipotufikia, vijana walizifurahia sana, na walikuwa na haki. Wanachora koni, inazunguka kiooni, inapendeza. Kisha wanaiamuru ijikunjue, nayo inagoma. Inagoma kwa sababu halali. Koni iliyojaa si karatasi ya chuma. Lazima iwe ganda lenye unene mmoja kila mahali, kingo zake zisimame wima juu ya uso wa karatasi, na pawe na mpasuo kutoka juu hadi chini, hata wa milimita moja tu. Bila mpasuo programu haina pa kuanzia, kama mzee alivyokuwa akidai. Ukiipasua na kuionyesha ukingo wa kubaki umetulia, inalala mara moja.

Hapo ndipo uamuzi wa mchoraji unapoanza. Chukua faneli yenye kipenyo cha milimita 800 juu, 250 chini na kimo cha 1000, vipimo vyote vya katikati ya unene. Ubavu wake wa mshazari ni 1037. Mkunjuo ni kipande cha pete: tao la nje lina nusu kipenyo cha karibu 1508, la ndani 471, na pembe ya nyuzi 95 na nusu. Kipande hicho chote kinahitaji eneo la 2233 kwa 1191, kwa hiyo kinaingia katika karatasi ya futi nane kwa nne, ambayo ni 2440 kwa 1220. Karatasi moja, mshono mmoja. Mteja akitaka mdomo wa 900 badala ya 800, upana unafika 1228. Milimita nane zimezidi, na sasa koni itagawanywa vipande, mishono iongezeke, na mchomeleaji aongezewe saa za kazi. Kompyuta itakukunjulia zote mbili bila kusema lolote. Mchoraji ndiye anayepaswa kumpigia mteja simu kabla chuma hakijaguswa.

Unene nao una hesabu yake. Silinda ya kipenyo cha ndani 600 kwa karatasi ya milimita 3 haikatwi kwa 600 wala kwa 606. Chuma kikipinda, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa, na katikati upo mstari usiobadilika urefu. Basi tunazidisha 603 kwa pai, tunapata 1894. Ukitumia kipenyo cha nje badala ya cha ndani, tofauti ni karibu milimita 19, pengo ambalo hakuna mchomeleaji mwadilifu atakayekubali kulijaza. Kwenye roli mstari huo hukaa katikati. Kwenye kona kali ya mashine ya kukunjia husogea ndani, na ndiyo maana programu hukuomba kigezo K, yaani umbali wa mstari huo kutoka uso wa ndani ukigawanywa kwa unene, ambacho mara nyingi huwa kati ya 0.33 na 0.5.

Yapo maumbo yasiyokubali kulala kabisa. Silinda na koni hulala kwa sababu zimepinda upande mmoja tu. Tufe limepinda pande zote mbili, na Carl Friedrich Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa namna hiyo haulali bila kuvutwa au kuchanika. Ncha ya tangi lenye umbo la kuba hutengenezwa kwa kugongwa au kushinikizwa, au hugawanywa vipande vingi vya bapa vinavyokaribia umbo lake, kama mpira wa miguu. Programu ikikupa mkunjuo wa uso kama huo, imekisia kiasi cha kuvutika, na fundi aambiwe hivyo waziwazi.

Wewe unayeanza kazi hii sasa, nakuomba jambo moja. Kabla ya kutuma faili kwenye mashine ya plazma, kata ukanda wa karatasi ile ile ya kazi, ukunje kwenye mashine ile ile itakayotumika, upime urefu kabla na baada, utafute K yako mwenyewe na uiandike kwenye programu. Usikubali namba iliyokuja nayo.