Haki ina faida gani mwezi wa njaa?

Kabimba

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako kutoka Moba imefika, na swali lako si la kitoto. Uvuvi umefungwa ziwani, jirani anayevua usiku kwa chandarua anakula na kuuza, wewe unayetii unashindia bukari kwa sombe. Haki ina faida gani, basi?

Sitakudanganya kwamba haki hujaza chungu. Miezi hii 3, toka Mei hadi Agosti, ambayo Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilikubaliana kufunga uvuvi ili samaki wazae, inatubana sote. Hapa Kabimba wenye kazi kwenye kiwanda cha saruji wana mshahara. Sisi wengine tunategemea maji. Lakini tazama chandarua kikivutwa mchangani: vitoto vya ndagala, macho tu ndiyo yanayoonekana. Ndoo nzima ni mboga ya siku moja, na mwakani ingekuwa mavuno ya mitumbwi.

Unasema, “Nisipovua mimi, watavua wengine.” Ndivyo tulivyo binadamu: akili ni wakili, tamaa ikishaamua yeye hutafuta hoja. Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba ujiulize kwanza kama ungetaka kanuni yako iwe sheria ya wote. Haya, kila mtumbwi toka Uvira hadi Moba uvue kwa chandarua. Jibu unalo.

Ila kujua jibu hakutoshi. Mwenye njaa hana miiko. Mtoto akilia usiku, hata mwenye hekima ataingia majini. Kwa hiyo wema hautafutwi usiku ule. Unaandaliwa mapema, pesa ingali mkononi: ingia likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, uombe zamu ya Juni, tia samaki wa mikebuka chumvi uwaanike, panda muhogo. Kazi ya akili ni hiyo, kututangulia mahali tutakapokuwa dhaifu.

Jirani yako usimtukane. Mwingize naye kwenye likelemba, maana watoto wake nao wanakula.

Na furaha usidhani ni kupata tu. Nimewaona waliopata, wakisikia injini ya doria wanazima taa na kubana pumzi. Nakutakia furaha ya mtu anayeuza samaki wake mchana, mbele ya watu.

Msalimie dada yangu, mama yako. Ukijibu, niambie zamu yako ya mwakani imeangukia mwezi gani.

Mimi mjomba wako