MAMA ANAUMWA SANA: TUZAE SASA AU TUSUBIRI? (Sehemu ya 6)



Wiki iliyopita tuliongelea kijiti na sindano. Kwenye meseji zenu kuna swali limejirudia: "Nesi, mama yangu ana saratani, madaktari wamesema hatapona. Natamani amwone mjukuu. Nitoe kijiti?" Wengine ni baba, wengine ni mama mkwe, ila swali ni lile lile. Mwenzenu nimelipitia. Kwa hiyo leo naandika kama nesi, na pia kama mtoto wa mtu.

Mwaka 2021 mama yangu aligundulika ana saratani ya koo la chakula. Ilianza nyama kumkwama, ukafuata ugali, mwishowe hata mtori ukawa unachujwa. Huku kwetu Kilimanjaro ugonjwa huu siyo mgeni, na wagonjwa wengi hufika hospitali ukiwa umeshasambaa. Na yeye ndivyo ilivyokuwa. Aliwekewa mpira wa kupanua njia ili uji na maziwa vipite, akapewa morfini ya maji kwa ajili ya maumivu, tukarudi naye nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka 31, ndoa ina miaka miwili, kijiti mkononi, na mipango yetu ilikuwa tuezeke kwanza nyumba ndipo tuzae.

Ndugu wakaanza. Shangazi, wifi, hadi majirani: "Muwahishieni mama mjukuu, aondoke na furaha." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini maneno hayo yanaingia kichwani na kukaa. Usiku niko zamu wodini, badala ya kupumzika nahesabu miezi kwa vidole.

Hebu tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo wengi tunajidanganya. Ukitoa kijiti, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema. Ukiwa kwenye sindano ya miezi mitatu, inaweza kuchukua hata mwaka. Na hata bila dawa yoyote, wenzi wenye afya wanaweza kujaribu miezi kadhaa, na hadi mwaka mzima bado huhesabika ni kawaida. Ongeza wiki 40 za mimba. Kwa hiyo ukianza leo, kumpakata mtoto ni karibu mwaka mmoja ukiwa na bahati, na inaweza kufika miwili.

Ndiyo maana swali la kwanza mpelekee daktari wa mzazi wako. Muulize wazi: "Tunaongelea wiki, miezi au miaka?" Tarehe hawezi kukupa, ila kipimo hicho mara nyingi anaweza kukupa. Mimi niliuliza nikiwa nimevaa sare yangu, sauti ikanikatika kama ndugu mwingine yeyote. Nikajibiwa: miezi.

Usiku ule mume wangu aliniuliza kitu ambacho naona kila familia ijiulize: "Mama asingekuwa anaumwa, tungetaka mtoto mwaka huu?" Tukanyamaza wote. Jibu lilikuwa hapana. Tulichokuwa tunakitaka ni mama asife. Na mtoto hawezi kuzuia hilo, hata tungemzaa kesho.

Na mzazi mwenyewe? Jamani, tunamjadili kama vile hasikii. Nilimuuliza siku moja nikiwa nambadilisha shuka. Mama alikuwa anaongea taratibu, neno moja moja. Akasema: "Mjukuu ningempenda sana. Lakini sitamlea mimi. Utamlea wewe, na mimi nitakuwa sipo. Sasa wewe ndiyo ujiulize kama uko tayari." Kisha akaomba simu, akampigia mdogo wake. "Siku ya huyu ikifika, utakwenda wewe kumhudumia." Akakata. Yeye alikuwa ameshamaliza kikao.

Tukasubiri. Mama alifariki baada ya miezi mitano.

Sasa usichukue jibu langu ukaligeuza sheria. Kuna dada mmoja, ameniruhusu nimseme bila jina. Ana miaka 37. Baba yake ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, na kwa dawa anazotumia daktari aliwaambia wanaweza kuongelea miaka. Huyu angesubiri nini? Umri wake nao unahesabu. Ukivuka 35 na mmejaribu miezi sita bila mafanikio, inatakiwa muonwe na daktari, msingoje mwaka. Yeye na mumewe walikuwa wanamtaka mtoto tangu zamani. Wakaendelea na mpango wao, na sasa babu anamsomea mjukuu gazeti. Uamuzi wake ni sawa kabisa, kama wangu ulivyokuwa sawa.

Ukiamua kuzaa huku unauguza, jipange kwa mambo haya. Kumnyanyua na kumgeuza mgonjwa kusibaki kwako peke yako. Gawaneni zamu mapema, kaka zako wakiwemo. Kama mgonjwa yuko kwenye dawa za saratani, matapishi, mkojo na shuka zake shika kwa glavu, na mwambie muuguzi wake kwamba una mimba ili akuelekeze. Anza foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, uendelee mpaka wiki ya 12. Na mwajiriwa, zile siku 84 za likizo ya uzazi ni zako na mtoto. Zisigeuke siku za kuuguza.

Ukiamua kusubiri, usijiite mchoyo, na usikubali mtu akuambie msibani kwamba ulimnyima mama mjukuu. Chukua muda wa kuomboleza. Mimi kijiti nilikitoa mwaka mmoja na nusu baada ya mazishi, siku ambayo nilijiona nataka mtoto kwa sababu yake mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba haiumi. Binti yangu ana miezi saba. Nilipojifungua, mama mdogo alishuka kwenye basi na ndizi, nyama na mfuko wake wa nguo za siku arobaini, kama alivyoagizwa. Alinikanda, akanipikia mtori, akanilalia na mtoto. Kuna asubuhi nilibubujikwa na machozi kwa sababu ladha ilikuwa ile ile ya mama. Mama mdogo hakusema kitu. Aliongeza bakuli la pili.

Kwa hiyo kama mzazi wako bado anaweza kuongea, muulize anataka nini. Halafu muulize nani ashike nafasi yake siku yako ikifika.

Sehemu ya 7 tutaongelea mzazi asiye na mama: nani wa kumwita, na dalili za hatari baada ya kujifungua ambazo huyo mtu lazima azijue. Usiku mwema.